Holsta inaniuma kiunoni na bastola inachomoza chini ya fulana: nifanyeje?

*"Salamu mwalimu. Nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa. Nina cheti halali cha silaha na nimekihuisha mwaka huu. Bastola yangu ni Glock 19. Niliponunua nilipewa holsta (ala ya kubebea bastola mwilini) ya turubai nyeusi, ile ya kuingiza ndani ya suruali, yenye klipu moja ya chuma. Shida yangu ni mavazi. Mimi si mtu wa koti, na joto la huku unalijua. Navaa fulana au shati la kuchomolea na jinzi, Ijumaa kanzu. Nikiketi kwenye pikapu ile kitu inanichoma, nikisimama inalisukuma shati nje hadi mke wangu anasema hata kipofu ataiona. Kitambi nacho kipo, si haba. Siku hizi nikiendesha naiweka kwenye dashibodi, nikifika ninakokwenda ndiyo naivaa. Rafiki mmoja anasema ninunue holsta ya kwapani, mwingine ile ya kufunga tumboni. Nataka holsta ambayo nikiivaa asubuhi nasahau kabisa kuwa iko. Ipi?"*

Salamu sana, kaka. Umeuliza kuhusu holsta, lakini kilichonishtua katika barua yako ni dashibodi, na naomba tuanzie hapo. Huiachi bastola kwenye dashibodi kwa sababu wewe ni mzembe. Unaiacha kwa sababu inakuuma. Hivyo ndivyo mambo yanavyoharibika kwa watu wengi walio makini: kitu kinachokera kiunoni hutafutiwa mahali pengine pa kukaa, na mahali hapo huwa ni chini ya kiti, droo ya duka, au kibegi kinachoning'inia nyuma ya mlango. Gari linavunjwa kioo, mtoto anafungua droo, na hapo huna tena la kujitetea. Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, silaha ni jukumu la mwenye cheti, na cheti hicho kinaweza kufutwa. Kwa hiyo kutaka starehe si kudeka. Holsta isiyokuumiza inakaa mwilini siku nzima, na silaha iliyo mwilini mwako ndiyo ambayo mtu mwingine haiokoti.

Halafu kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi ya wizi. Kila ukishuka garini unaichomeka, kila ukipanda unaichomoa, tena kwenye kiti chembamba, mkanda wa gari ukiwa njiani na fulana ikiwa imekunjamana kiunoni. Bastola haijifyatui ikitulia ndani ya holsta nzuri. Ajali nyingi za kujipiga mwenyewe hutokea mkono unapoishika bila haja, hasa wakati wa kuirudisha. Unayafanya hayo mara kadhaa kwa siku.

Sasa kuhusu kusahau kabisa kuwa iko. Hapo nitakuvunja moyo kidogo. Glock 19 yenye risasi zake 15 ina uzito wa karibu gramu 850. Hakuna holsta itakayoufuta uzito huo, na anayekuahidi hivyo anakuuzia tangazo. Unachoweza kupata ni kuihisi bila kuumia, jioni ufike ukiwa umechoka na kazi ya duka, si na kiuno.

Umenieleza shida mbili kana kwamba ni mbali mbali: inakuchoma ukiketi, na inasukuma shati ukisimama. Kwa jinsi ulivyoieleza holsta yako, naona shida ni moja. Bastola uliyovaa ndani ya suruali haigawanyiki sawa juu na chini ya mshipi. Mtutu uko chini, mwepesi. Juu ya mshipi kuna mpini, na ndani ya mpini kuna magazini, kile kikasha cha risasi, ikiwa imejaa, yaani uzito mwingi uko pale pasiposhikwa na chochote. Klipu moja kwenye mshipi laini haiwezi kuuzuia, kwa hiyo mpini unalala nje na kulibeba shati. Ni kama ndoo ya maji: ukiishika karibu na mguu unaenda nayo mbali, ukiinyooshea mkono nje utachoka hatua ya tatu, na maji ni yale yale. Mpini ukilala nje, ncha ya chini ya holsta nayo inabanwa ndani, inakudunga kwenye nyonga au paja. Kile kinacholitokeza shati ndicho kinachokuchoma.

Ndiyo maana nakuambia usinunue holsta kwanza. Nunua mshipi.

Najua hukutarajia hivyo. Mshipi wako wa jinzi, hata kama ni wa ngozi nzuri, ulitengenezwa kuzuia suruali isianguke. Ukunje kwa upana wake, ubavu kwa ubavu, kwa mikono miwili. Ukijikunja kama kitambaa, hautaibeba bastola. Unaotakiwa ni wa ngozi ya tabaka mbili zilizoshonwa pamoja, au wa nailoni nzito yenye kiini kigumu ndani, upana wa karibu milimita 38 ili upite kwenye vitanzi vya jinzi ya kawaida. Wenye matundu yaliyokaribiana ni bora zaidi, kwa sababu kiuno cha asubuhi si kiuno cha baada ya pilau. Watu wengi wakishabadilisha mshipi peke yake hurudi wakisema holsta waliyotaka kuitupa imeanza kuvalika. Yako haitavalika, na sababu nitakupa, lakini mshipi utaununua vyovyote vile.

Suruali nayo ihesabiwe. Holsta ya ndani inakula nafasi kiunoni. Kama jinzi yako ni saizi 36 na inakubana bila kitu, hakuna ufundi utakaosaidia. Chukua 37 au 38 za kuvaa na silaha.

Turudi kwa holsta ya turubai. Hiyo iache kesho, na sisemi hivyo kwa sababu ya starehe. Glock haina sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, ya nje ya kubonyeza kwa kidole gumba. Ina kinga zake za ndani, na mojawapo ni ile kipande kidogo kilicho katikati ya kifyatulio, lakini zote zimeundwa zikubali pale kifyatulio kinapovutwa. Kinachovuta kinaweza kuwa kidole, pindo la fulana, au kifungo cha kamba ya jaketi. Bastola haiwezi kutofautisha. Hivyo basi holsta ndiyo sefti yako ya nje. Ni lazima ifunike kifyatulio chote kwa kitu kigumu kisichobonyea hata ukikibana kwa kidole kutoka nje. Turubai inabonyea. Ukishachomoa bastola, mdomo wake unajifunga bapa, na kuirudisha inabidi uufungue kwa mkono wa pili au uuchokonoe kwa mtutu wenyewe. Ngozi iliyochakaa hufanya vivyo hivyo: ukingo wake hukunjika ndani na kuingia kwenye uwazi wa kifyatulio. Ukitaka kuipima holsta yoyote dukani, iwe yenye bastola tupu iliyokaguliwa, igeuze juu chini na kuitikisa kidogo. Bastola isidondoke. Kisha itoe, utazame kama mdomo wa holsta umebaki wazi. Kisha vuta kwa nguvu uone kama klipu inabaki kwenye mshipi au holsta yote inakuja mkononi pamoja na bastola.

Kuhusu malighafi, una njia mbili za maana. Plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yenyewe, wengi huiita kwa jina la biashara, Kydex, haifyonzi jasho, haibadiliki umbo kwa unyevu, inaoshwa kwa maji na sabuni. Kwa Mombasa hilo ni jambo kubwa. Ubaya wake ni kingo: ukingo mmoja mkali ukigusa ubavu kutwa nzima, utauchukia. Lakini huo unatibika. Chukua msasa laini, usugue ukingo unaokugusa hadi uwe mviringo, na usiguse sehemu ya kifyatulio. Usiiache juani kwenye dashibodi pia, joto la gari lililofungwa linaweza kuipinda. Ngozi ni rafiki zaidi wa mwili, inajifinyanga taratibu kwa umbo lako, ila inakunywa jasho, na jasho ni chumvi. Ngozi yenye jasho iliyoshikana na chuma usiku kucha ni kutu. Ukichagua ngozi, iwe nene, yenye mdomo ulioimarishwa usiojifunga, na bastola isilale humo. Mafundi wetu wa viatu na mikoba wana mikono mizuri sana, lakini usimpe fundi asiyewahi kutengeneza holsta kazi ya kubahatisha mahali pa kifyatulio. Kati ya hizo mbili, kwako wewe nachagua plastiki ngumu yenye kizuizi cha jasho, yaani ile pande inayopanda juu na kutenga chuma na ngozi yako.

Wengi hudhani shida ni urefu wa mtutu, wakatafuta bastola fupi. Mtutu uko ndani ya suruali, nani atauona? Kinachoonekana ni mpini. Glock 19 ina kimo cha milimita 128, Glock 26 ndogo yake ina 106. Unene wao karibu ni ule ule. Hizo sentimita mbili na ushei za mpini ndizo zinazoamua kama fulana itakaa au itachomoza. Na kwa kuwa cheti chako kinaitaja silaha yenyewe kwa namba yake, kubadilisha bastola ni safari ya kurudi kwenye Bodi ya Leseni za Silaha, sikuambii ukaianze kwa sababu ya shati. Tufanye kazi na hiyo uliyo nayo.

Mpini unafichwa kwa kuulaza. Ukiivaa nyuma kidogo ya nyonga ya kulia (nachukulia unatumia mkono wa kulia), holsta iinamishwe mbele, mpini uelekee juu na mbele badala ya kuchomoza nyuma kama mkia. Holsta nyingi nzuri zina skrubu za kubadilisha mwinamo huo pamoja na kimo. Ukiivaa mbele, upande wa kulia wa kitovu, unatumia kijipande cha plastiki kinachochomoza pembeni ya holsta kama bawa. Mshipi unakisukuma, nacho kinauzungusha mpini uegemee tumbo. Bila hicho kijipande, kuvaa mbele na fulana ni kazi bure.

Ipi kati ya hizo mbili? Video nyingi utakazotazama zitakuambia mbele. Nyingi zinatoka Marekani, ambako jimbo kama Texas tangu Septemba 2021 linamruhusu mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bila kibali, na soko la holsta huko ni kubwa ajabu. Wana mazuri ya kufundisha, ila mwenye kufundisha mara nyingi ni kijana mwenye tumbo bapa aliyesimama wima mbele ya kamera. Wewe una kitambi na unakaa kwenye pikapu. Ukiketi, tumbo linashuka, linakandamiza juu ya holsta, ncha ya chini inaingia kinenani, na mdomo wa mtutu unaelekea kwenye mshipa mkubwa wa damu wa paja. Wapo wenye vitambi wanaovaa mbele kwa raha, kwa kuisogeza kushoto au kulia kidogo na kubandika kisponji chini ya holsta upande wa mwili. Lakini kwa kuanzia, na kwa mtu ambaye bado anairudisha bastola mara kwa mara, ushauri wangu ni nyuma ya nyonga, pale penye kibonde kati ya mfupa wa nyonga na msuli wa makalio. Pagongegonge kwa vidole utapajua. Usiiweke juu ya mfupa wenyewe, huko ndiko inakochoma sasa. Na usisogee hadi katikati ya mgongo; ukianguka chali utaangukia chuma kwenye uti wa mgongo.

Ya kwapani aliyokushauri rafiki yako inahitaji koti. Bila koti inaonekana yote, na ukivaa koti Mombasa mwezi wa Februari utaonekana zaidi kuliko bastola. Tena nyingi hulaza mtutu ukimwelekea aliyesimama nyuma yako kwenye foleni ya benki. Hapana.

Ile ya kufunga tumboni si mbaya, ina mahali pake. Ni mkanda mpana wa mpira unaozunguka kiuno bila kutegemea mshipi wala vitanzi, kwa hiyo inafaa suruali ya kamba, kikoi, na Ijumaa yako ya kanzu. Sharti: uwe na ganda gumu la plastiki linalofunika kifyatulio, kwani mfuko wa mpira mtupu una ubaya ule ule wa turubai. Utatoka jasho, na kuirudisha bastola humo ukiwa umeivaa ni hatari, ivue kwanza. Chini ya kanzu ujue pia kwamba huwezi kuifikia haraka; unaivaa ili isibaki nyumbani bila mlinzi. Kama una kasiki nyumbani, mimi ningeiacha kasikini nikaenda kuswali kwa amani.

Kibegi cha kifuani kinakwapuliwa na mtu wa pikipiki. Mfukoni Glock 19 haiingii vizuri, na bila holsta ya mfukoni kamwe isiingie. Kifundoni mwa mguu kunafaa mtu anayeendesha kutwa na bastola ndogo. Yako ni nzito kwa huko.

Mavazi yenyewe hayahitaji mapinduzi. Fulana nyepesi inayobana ndiyo adui. Shati la kuchomolea la pamba nzito kidogo, lenye mistari au maua, au la kitenge, linaficha kuliko rangi moja isiyo na kitu, kwa sababu jicho linapotea kwenye michoro. Liwe na urefu wa kufika chini ya mshipi kwa kiganja kizima: ukinyoosha mkono kuchukua kopo la rangi rafu ya juu, pindo lisipande. Ndani vaa singlendi nyembamba ya pamba, uichomekee. Hiyo inakaa kati ya holsta na ngozi, na pengine ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote kitakachokupa nafuu.

Ukishapata vyote, usitoke navyo siku hiyo hiyo. Ondoa magazini, kagua chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) kwa jicho na kwa kidole, risasi zote ziwe chumba kingine. Vaa, halafu ishi nyumbani: keti kwenye sofa, keti kwenye pikapu, inama ufunge kamba za viatu, nyanyua mfuko wa saruji. Mwambie mke wako akupige picha kwa simu kutoka nyuma na pembeni, ukiwa umesimama na ukiwa umeinama. Yeye ana jicho kali, umesema mwenyewe. Ikikudunga mahali, badilisha kitu kimoja tu: kimo, au mwinamo, au sentimita moja mbele au nyuma. Ukibadilisha vitatu pamoja hutajua kilichosaidia. Mwili nao unahitaji siku chache kuzoea. Uwekundu unaopotea baada ya kuvua si tatizo.

Garini ibaki kiunoni. Funga mkanda wa gari chini ya pindo la shati, si juu yake. Pale unapolazimika kuiacha, kwa mfano unaingia mahali pasiporuhusu silaha, weka kikasha cha chuma kilichofungwa kwa bolti au kebo, na uivue ikiwa ndani ya holsta yake, holsta na bastola kitu kimoja. Hapo ndipo klipu nzuri za kufunguka zinapolipa. Ukilazimika kuirudisha ikiwa peke yake, vuta shati kwa mkono wa kushoto hadi juu, tazama mdomo wa holsta kwa macho, ingiza polepole, kidole cha shahada kikiwa kimenyooka ubavuni mwa bastola. Ukihisi kitu kinakwama, simama. Usisukume. Na mlinzi akikupitishia kifaa cha kupimia chuma mlangoni, mikono yako ibaki inaonekana, mwambie kwa mdomo, kisha uonyeshe kadi. Usifunue shati kumrahisishia kazi.

Kuna jambo moja la kupeleka kwa daktari bila kungoja. Ukianza kuhisi ganzi, au moto kama wa pilipili, upande wa nje wa paja, huenda ni neva inayopita karibu na mfupa wa nyonga unaochomoza mbele inabanwa. Hata polisi hupatwa na hali hiyo kwa sababu ya mishipi yao mizito, na kitambi kinaongeza uwezekano. Vua, legeza, na kama haijaisha katika siku chache nenda ukapimwe. Hali kadhalika maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni. Kutu au skrubu iliyolegea kwenye bastola yenyewe ni ya fundi wa silaha aliyeidhinishwa, wala si ya YouTube.

Na kuchomoa na kurudisha ukiwa umevaa hivyo, jifunze mbele ya mkufunzi kwenye uwanja wa shabaha, kwanza bila risasi. Kwa maandishi siwezi kuona kidole chako kiko wapi. Ukienda, nenda na jinzi ile ile na shati lile lile la dukani, si na suruali ya vitambaa vya michezo uliyoazima. Mwambie mkufunzi pia kuwa unakaa garini saa nyingi, akuweke kwenye kiti ajionee inavyokukaa.